Mabasi yamerudi usiku, taa za magari nani anazipima?

TANGU serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990, mazungumzo kuhusu usalama wa safari hizo yamehusu zaidi mwendo kasi, uchovu wa madereva na mifumo ya kufuatilia mwenendo wa mabasi.

Lipo jambo jingine ambalo halitajwi sana, ingawa kila aliyewahi kuendesha gari kati ya Chalinze na Segera, au kati ya Morogoro na Dodoma, baada ya jua kuzama analifahamu vizuri. Ni ile hali ya kukutana na gari ambalo dereva wake amekwisha kupunguza taa, amepiga dimu kama inavyotakiwa, lakini mwanga wake bado unachoma macho.

Dereva anayeumizwa humwashia mwenzake fulu ili kumkumbusha. Mwenzake, ambaye kwa dhati ya moyo wake anaamini ametimiza wajibu, naye hujibu kwa fulu ili kuthibitisha kwamba ile ya awali ilikuwa dimu. Kwa sekunde mbili au tatu hakuna kati yao anayeiona barabara. Kisha hupishana, kila mmoja akimlaani mwenzake kimoyomoyo.

Ugomvi huo huhesabiwa kuwa ni wa tabia: madereva hawana adabu, madereva wa malori ni wajeuri, vijana wa siku hizi hawakufundishwa. Ukweli ni kwamba mara nyingi chanzo chake si tabia. Ni skrubu.

Nyuma ya takriban kila taa kubwa ya gari la kawaida kuna skrubu mbili za kuielekeza. Moja huinua au kushusha mwanga, nyingine huupeleka kushoto au kulia. Hazihitaji kompyuta wala mtambo wa mamilioni. Bisibisi ya nyota, au spana ndogo ya namba 8 au 10, hutosha. Mwenye gari anaweza kuzirekebisha mwenyewe uani kwake jioni moja, akiwa na ukuta, futi kamba na kipande cha chaki.

Kwa nini basi kazi rahisi kiasi hicho haifanywi?

Jibu la kwanza ni kwamba taa iliyoinuka kupita kiasi haimuumizi mwenye gari. Kinyume chake, humfurahisha. Anapowasha, huona majani ya miembe na vibao vya mbali, akadhani taa zake ni kali na gari lake ni zima. Anayelipa gharama ni yule anayekuja mbele yake, na huyo hana namba ya simu ya kumlalamikia. Taa iliyoshuka mno, kwa upande mwingine, humwadhibu mwenyewe, na kwa hiyo ndiyo inayopelekwa kwa fundi haraka. Matokeo yake, marekebisho mengi yanayofanyika mitaani huelekea upande mmoja tu, nao ni juu.

Hesabu ya sentimita 10

Taa ya dimu haikuundwa kumwaga mwanga ovyo. Mwanga wake una ukingo: juu ya ukingo huo ni giza, chini yake ni mwanga. Kwa magari ya nchi zinazopita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, ukingo huo huwa umelala sawa upande wa kulia, anakotoka dereva mwingine, kisha hupanda kidogo kuelekea kushoto, waliko waenda kwa miguu, vibao na ukingo wa lami.

Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani kwa gari dogo ni kwamba ukingo huo ushuke asilimia 1. Kwa lugha nyepesi, katika umbali wa mita 10 mwanga uwe umeshuka sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, ikishushwa kwa kiasi hicho, ukingo wa mwanga wake huigusa barabara mita 65 mbele.

Mita 65 si nyingi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo wa mabasi na malori mazito nchini, hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kutambua hatari na kuhamisha mguu, mita 33 zimekwisha kupita kabla breki haijaguswa. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 35 hivi, na basi lililojaa huhitaji zaidi. Kwa maneno mengine, hata taa iliyopimwa vizuri humpa dereva wa dimu nafasi finyu sana. Ikishushwa hadi asilimia 2, mwanga huishia mita 32 na nusu, na dereva wa mwendo huo anakuwa anaendesha kwa kubahatisha.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa wengine. Taa hiyo hiyo ikiinuka kwa digrii moja tu kupita inavyotakiwa, tofauti ambayo jicho halitaigundua ukiitazama taa yenyewe, ukingo wa mwanga huacha kushuka na kuanza kupanda. Kufikia umbali wa mita 80 utakuwa umefika sentimita 125 kutoka ardhini. Hapo ndipo yalipo macho ya mtu aliyeketi kwenye usukani wa gari dogo.

Jicho lililopigwa na mwanga mkali gizani halirudi katika hali yake papo hapo. Huchukua sekunde kadhaa, na kadiri umri unavyosogea ndivyo muda huo unavyorefuka. Sekunde 3 katika mwendo wa kilomita 80 ni mita 66. Ndani ya mita hizo anaweza kuwamo mwendesha baiskeli asiye na taa, ng'ombe, au lori lililoharibika ambalo dereva wake ameweka matawi ya miti badala ya pembetatu ya tahadhari. Kwa hapa kwetu, ambako saa ya jua kuzama haibadiliki sana mwaka mzima na giza huingia upesi, watu wengi huwa bado wako barabarani wakirejea makwao kwa miguu wakati taa zinapoanza kuwashwa.

Kwamba taa ni suala la uhai na kifo limepimwa. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima na ambayo ilianza kuzipa taa za magari mapya madaraja mwaka 2016, ilieleza mwaka 2021 kuwa magari yenye taa za daraja la juu yalikuwa na ajali za usiku zisizohusisha gari jingine pungufu kwa karibu asilimia 20, yakilinganishwa na yenye taa za daraja la chini. Taasisi hiyo huzipima taa kama zilivyotoka dukani bila kuzigusa, kwa sababu inajua wanunuzi hawazigusi.

Safari ya gari kutoka Japani

Magari mengi madogo yanayotembea katika barabara za Tanzania yalianza maisha yake Japani. Huko, gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Katika ukaguzi huo, maarufu kwa jina la shaken, taa husogezewa chombo maalumu kinachoonyesha ukali wa mwanga na mahali unapoelekea. Taa iliyokengeuka hairuhusiwi kurudi barabarani hadi irekebishwe.

Japani hupita kushoto, hivyo taa za magari yake zinatufaa bila kubadilishwa. Hiyo ni bahati ambayo hatukuitolea jasho. Lakini kuanzia gari linapotoka bandarini Dar es Salaam, kipimo cha mwisho cha taa zake mara nyingi hubaki kuwa kile cha Japani, na kila linalotendwa juu yake baada ya hapo hukiharibu kidogo kidogo.

Jambo la kwanza kutendwa mara nyingi ni kuliinua gari. Barabara za mitaani zina mashimo na matuta, gari la Kijapani liko chini, basi fundi huweka vipande vya mpira au chuma kwenye springi, maarufu kama spesa. Wengine huinua nyuma tu, kwa sababu ndiko kunakobeba. Kila sentimita inayoongezwa upande mmoja hubadilisha mwelekeo wa taa, lakini ni nadra mteja kuambiwa kwamba baada ya spesa taa zinapaswa kupimwa upya.

Magari yaliyotengenezwa na taa za zenoni yana tatizo la ziada. Kwa miaka mingi kanuni za Umoja wa Mataifa zimetaka taa yenye mwanga unaozidi lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujirekebisha yenyewe. Mtambo huo husoma kimo cha gari kupitia kifimbo kidogo kilichounganishwa na mkono wa tairi la nyuma. Gari likiinuliwa kwa spesa, kifimbo hutoa habari za uongo: huuambia mtambo kwamba mkia wa gari umenyanyuka na pua imeinama, nao kwa utiifu huinua mwanga. Gari lenye taa kali kuliko yote ndilo linalogeuka kuwa tochi machoni mwa wengine.

Kisha kuna mzigo. Gari dogo lenye urefu wa mita 2.5 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, nyuma yake ikididimia sentimita 5 kwa abiria watatu na magunia ya mchele, pua yake huinuka kwa asilimia 2. Ule mteremko wa asilimia 1 aliouacha mtengenezaji umefutika, na mwanga sasa unapanda asilimia 1. Pikipiki ni fupi kwa takriban nusu ya urefu huo, hivyo bodaboda aliyepakia abiria wawili huinua taa yake maradufu kwa kudidimia kule kule. Shokapu zilizochoka huongeza mengine.

Watengenezaji walilijua hilo. Katika magari mengi, karibu na usukani upande wa kulia, kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0 na picha ya taa. Namba 0 ni ya dereva peke yake. Mzigo ukiongezeka, kigurudumu huzungushwa kwenda namba kubwa, na mwanga hushuka. Ni kifaa ambacho madereva wengi wamekaa nacho miaka kumi bila kujua kazi yake, na wapo wanaodhani kinaongeza ukali wa taa. Hiki hakihitaji hata bisibisi.

Ukuta, chaki na bisibisi

Kazi yenyewe huanza kabla ya skrubu. Upepo wa matairi uwe sawa, kwa sababu tairi lililolegea upande mmoja huinamisha gari zima. Tangi liwe na mafuta ya kiasi cha nusu. Mizigo iondolewe, na mtu mmoja aketi kwenye kiti cha dereva. Kigurudumu cha namba kiwekwe 0.

Globu ikaguliwe kama imekaa sawasawa. Globu za aina ya H4, ambazo ni za kawaida katika magari mengi ya Kijapani, zina masikio matatu yanayopaswa kuingia kwenye nafasi zake barabara. Globu iliyowekwa kwa haraka ikabaki imeinama hutawanya mwanga, na hakuna kuzungusha skrubu kutakakoiponya. Wakati wa kuigusa, kioo chake kisishikwe kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hufanya sehemu hiyo ipate moto kupita kiasi, na globu huungua mapema.

Kioo cha taa nacho kisiwe kimefifia na kuwa cha njano. Wengi huking'arisha kwa dawa ya meno, na husaidia kwa muda, ila jua huurudisha ule ukungu baada ya miezi michache.

Sehemu ngumu kuliko zote mjini ni kupata uwanja. Zinahitajika mita 10 zilizonyooka mbele ya ukuta. Si lazima ardhi iwe imelala kabisa kama maji. Mteremko mdogo ulio sawa kutoka gari hadi ukutani hauharibu kipimo, mradi vimo vyote vipimwe kutoka ardhini. Kinachoharibu ni ardhi yenye bonde au kichuguu katikati, gari likiwa limekaa upande mmoja na ukuta uko mwingine. Kamba ya mwashi ikivutwa kutoka matairi ya nyuma hadi ukutani itaonyesha hilo mara moja. Uwanja wa kituo cha mafuta wakati wa usiku, au ukuta wa shule siku ya Jumapili kwa ruhusa ya mlinzi, hufaa kuliko ua nyingi za nyumbani.

Gari husogezwa kwanza karibu kabisa na ukuta, likitazama ukuta moja kwa moja. Palipo mkabala wa kitovu cha kila taa hutiwa alama, na mstari wa wima huchorwa kupita alama hiyo. Halafu gari hurudishwa nyuma moja kwa moja hadi mita 10. Kimo cha taa kutoka ardhini hupimwa kwa futi kamba, kisha kimo hicho hicho hupimwa ukutani kutoka ardhi iliyo chini ya ukuta, na mstari wa kulala huchorwa sentimita 10 chini yake. Mwenye nafasi ya mita 5 tu huchora sentimita 5 chini, ingawa makosa madogo ya kupima hukua zaidi kwa umbali huo mfupi.

Magari ambayo taa zake ziko juu, kama malori na baadhi ya magari ya kwenda porini, hushushwa zaidi. Uingereza, kwa mfano, katika ukaguzi wake wa kila mwaka hutenganisha taa zilizo chini na zilizo juu ya sentimita 85, na zile za juu hutakiwa kushuka zaidi. Sababu ni dhahiri: taa ya lori iliyo mita moja na zaidi kutoka ardhini tayari iko karibu na kimo cha macho ya dereva wa gari dogo.

Dimu ikiwashwa, taa moja huzibwa kwa kipande cha boksi kilichosimamishwa mbele yake bila kuigusa. Kufunika kioo cha plastiki kwa kitambaa huku globu inawaka ni kukitafutia kuungua. Ukingo wa mwanga utaonekana ukutani. Skrubu ya wima huzungushwa taratibu, nusu mzunguko kwa mara moja, hadi sehemu iliyolala ikae juu ya mstari wa chini. Skrubu ya pili huzungushwa hadi ile kona, mahali ambapo ukingo unaanza kupanda kuelekea kushoto, ikae kwenye mstari wa wima au kushoto kwake kidogo. Isivuke kwenda kulia hata kidogo, kwa sababu kulia ndiko anakotoka mwenzako.

Kisha taa ya pili. Ukuta haudanganyi: si ajabu kukuta taa moja inatazama paa na nyingine inatazama mtaro, na mwenye gari ameishi hivyo kwa miaka.

Skrubu ikizunguka bila mwanga kusogea, kuna kilichovunjika ndani. Taa zilizonunuliwa zikiwa zimetumika katika maduka ya vipuri ya Gerezani mara nyingi zimetolewa kwenye magari yaliyogongwa, na masikio yake ya plastiki yamekatika. Taa iliyofungwa kwa waya ipimwe leo, kesho itakuwa imehama. Katika hali hiyo fedha ya mwenye gari iende kwenye taa nyingine kwanza.

Pale skrubu inaposhindwa

Zipo taa ambazo hata fundi mwaminifu hawezi kuzinyoosha. Za kwanza ni zile zilizowekewa globu za LED zinazouzwa mitaani kwa ajili ya taa zilizoundwa kwa globu za kawaida. Kioo cha ndani cha taa kilichongwa kufuata uzi mmoja mwembamba unaowaka mahali maalumu. LED nyingi za bei nafuu hazitoi mwanga wake mahali hapo hasa, basi mwanga hutawanyika juu na pembeni. Ukutani hautaonekana ukingo, utaonekana wingu. Mwenye gari huona weupe mwingi karibu na pua ya gari na kuridhika, kumbe huko mbali, anakohitaji kuona, mwanga umepungua.

Nchi nyingine zimechukua hatua. Uingereza mwaka 2021 ilisisitiza katika mwongozo wa ukaguzi wake kuwa gari lililogeuzwa taa zake za globu za kawaida kuwa za LED au zenoni halitafaulu. Ujerumani kuanzia 2020 iliruhusu baadhi ya globu za LED, lakini kwa aina za magari zilizojaribiwa moja moja na kuorodheshwa. Kuruhusu kwa orodha ni tofauti sana na kuuza kila kitu kwa kila mtu juu ya meza ya kando ya barabara.

Za pili ni taa za upande usio wetu. Vipuri vilivyotumika huja pia kutoka Dubai, ambako magari hupita kulia. Taa ya huko inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye gari la aina ile ile lililoko Dar es Salaam, lakini ukingo wake hupanda kuelekea kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Taa zilizoundwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kwa ajili ya nchi zinazopita kushoto tu huwa na mshale mdogo kwenye kioo, unaoelekea kulia kwa mtu anayeitazama taa kutoka mbele. Taa ya aina hiyo isiyo na mshale ni ya nchi zinazopita kulia. Anayenunua hana haja ya utaalamu, macho yanatosha.

Tatizo hilo lina sura ya kikanda. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda kupitia Rusumo, na yale ya Burundi kupitia Kabanga, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 upande wa kushoto, kisha huvuka mpaka na kuhamia kulia. Madereva wamezoea kubadili upande. Taa hazibadiliki. Kuanzia hapo, ile sehemu ya mwanga iliyoundwa kumulika waenda kwa miguu humulika macho ya wanaokuja. Malori yaliyosajiliwa huko na kuwekewa taa za kulia hutuletea sisi usumbufu ule ule yanapokuja kuchukua shehena. Magari madogo ya Kijapani yaliyojaa Bujumbura, Goma na Bukavu yanaishi maisha yake yote katika hali hiyo.

Dawa yake ya muda inafahamika. Madereva wa Uingereza wanaovuka kwenda Ufaransa huziba sehemu inayopanda ya mwanga kwa vipande vya stika visivyopitisha mwanga, na huvibandua wanaporudi. Ni kitu cha bei ndogo, na kingeweza kuuzwa Rusumo na Kabanga pamoja na bima ya safari.

Kwa upande wa ukaguzi wa ndani, mazoea yanafahamika. Askari wa usalama barabarani humtaka dereva awashe fulu, dimu, indiketa na breki. Ikiwaka, imepita. Wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama magari hukaguliwa na kubandikwa stika, nayo taa hutazamwa mchana kweupe, wakati ambao taa inayotazama mawinguni na inayotazama lami zote hufanana. Ni vigumu kumlaumu askari. Hakupewa kitu cha kupimia, na kosa la taa iliyokengeuka haliwezi kuthibitishwa kwa kutazama tu, wala haifai dereva atozwe faini kwa hisia za mtu.

Chombo cha kupimia taa ni kisanduku chenye lenzi na ubao mdogo ndani, juu ya magurudumu. Husogezwa mbele ya taa moja baada ya nyingine, na kazi humalizika kwa dakika chache. Lakini hata kabla ya kukinunua, mabasi ya mikoani hukaguliwa vituoni kabla ya safari, na vituo vina kuta. Kituo cha Magufuli, Mbezi, kinachotoa mabasi ya usiku kwenda karibu kila kona ya nchi, kingehitaji mita 10 za sakafu iliyonyooka, ndoo ya rangi nyeupe na mistari miwili: mmoja kwa kimo cha taa za basi, wa pili chini yake. Dereva angesimamisha basi kwenye alama, angewasha dimu, na mkaguzi, fundi pamoja na abiria walio foleni wangeona wote mwanga umeangukia wapi.